UZI: Kwa nini msimamizi anaona saiti ya nyumba ni salama, na fundi aliyeko juu ya paa haoni hivyo

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kufundisha usalama kwa vikundi vinavyojenga nyumba za kuishi. Nilianza kama saidia fundi, nikawa fundi, baadaye nikasimamia. Kwa hiyo pande zote mbili nitakazozitaja hapa nazijua na naziheshimu.

Muulize msimamizi kama saiti yake ni salama. Atakujibu kwa orodha: kofia ngumu zipo, buti zipo, mikanda ya kuzuia kuanguka imenunuliwa, kila asubuhi tunakumbushana. Panda juu umuulize fundi swali hilohilo. Kwanza atatazama chini aone nani anasikia, halafu atakusimulia kisa. Upepo ulikuwa mkali, tulitaka kushuka, tukaambiwa malizieni safu hiyo kwanza.

Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Msimamizi anahesabu alichotoa. Fundi anakumbuka kilichotokea siku kazi ilipochelewa. Wanatazama vitu viwili tofauti na kuviita usalama, kisha kila mmoja anamwona mwenzake mkaidi.

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Dov Zohar alichapisha mwaka 1980 uchunguzi wake wa viwanda 20 nchini Israel, akaonyesha kwamba wafanyakazi hujijengea picha ya usalama kwa kutazama kama wakubwa wao wanaujali kwa vitendo. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986 ndiyo iliyoeneza maneno "utamaduni wa usalama", na ujenzi ukayapokea kutoka sekta ya nyuklia. Mwaka 2008 wafanyakazi wa miradi mikubwa ya majengo huko Las Vegas waligoma baada ya wenzao kadhaa kufa kazini. Maoni yalipokusanywa baadaye, wakubwa waliiona hali ya usalama kuwa nzuri kuliko walivyoiona walio kazini. Pengo la namna hiyo hujitokeza karibu kila mahali madodoso yanapogawiwa kwa pande zote mbili.

Lakini hiyo ni miradi mikubwa, yenye geti, ofisa usalama na fomu za kila kitu. Kwenye nyumba za kuishi mambo ni mengine kabisa, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Nyumba moja hupita mikononi mwa vikundi vingi. Wa msingi wanaondoka, wanakuja wa kuta, halafu wa kupaua, wa umeme, wa bomba, wa lipu, wa rangi. Kila kikundi kina kiongozi wake, na aghalabu kinalipwa kwa kazi iliyokwisha. Msimamizi ana nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, anapita asubuhi. Anachokiona ni saiti ya asubuhi: watu wamepumzika, kofia ziko kichwani, ngazi imefungwa. Saa tisa alasiri, jua limewachosha, mbao zimepungua, na kila mtu anataka kumaliza, yeye hayupo. Akisema hajawahi kuona mtu akitembea juu ya ukuta mtupu, hadanganyi.

Kisha kuna malipo. Ukimlipa mtu kwa idadi ya kenchi, yaani fremu za mbao za paa, alizosimamisha, muda wa kufunga jukwaa unatoka mfukoni mwake. Unaweza kumpa hotuba nzuri kila asubuhi, lakini bei uliyopatana naye ilishamwambia neno jingine kabla hujafungua mdomo. Nadhani hapa ndipo wasimamizi wengi hawajatazama. Wanatafuta kasoro kwenye tabia ya fundi, na kasoro iko kwenye makubaliano.

Na kuna kimo. Watu wa nyumba za kawaida wanajiambia kwamba hatari ni ya maghorofa. Mtu akidondoka kutoka mita 3, usawa wa ukuta wa nyumba isiyo na ghorofa, anafika chini kwa chini ya sekunde moja, akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Hakuna muda wa kushika kitu. Uingereza karibu nusu ya vifo vya sekta ya ujenzi vinatokana na kuanguka, Marekani ni zaidi ya theluthi moja.

Nije kwenye mkanda, maana hapa pengo linaonekana kuliko mahali pengine popote. Msimamizi amenunua mikanda, haivaliwi, anakasirika. Sasa tufanye hesabu ya fundi. Kamba ya mkanda ni mita 1.8. Kizuia mshtuko kikifunguka kinaongeza karibu mita 1.1. Kutoka kwenye pete ya mgongoni hadi miguuni ni kama mita 1.5. Weka na akiba ya karibu mita 1. Kutoka pale kamba ilipofungwa unahitaji zaidi ya mita 5 za nafasi tupu. Kamba ikifungwa kwenye usawa wa ukuta wa mita 3, mwili unafika ardhini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Fundi hajui tarakimu hizi, lakini kwa macho yake anaona kwamba mkanda huo hautamwokoa, na anaona pia kwamba unamkwaza miguuni. Anauacha kwenye begi. Msimamizi anaandika "mkaidi".

Kinachofaa kwa kimo hicho ni jukwaa lenye vizuizi pembeni, au kazi yenyewe kufanyiwa chini. Kenchi zinaweza kuunganishwa ardhini na mbao zikakatwa ardhini, juu wakapanda wa kufunga tu. Mpangilio wa kawaida wa usalama unaanza na kuiondoa hatari, kisha kubadilisha njia au kifaa, kisha kuweka kizuizi, kisha maelekezo, na vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho kabisa. Kwenye nyumba za kuishi tumeupindua, tunaanza na kofia na mkanda kwa sababu ndivyo vitu vinavyonunulika kwa siku moja na kupigwa picha.

Swali langu kwenu ni moja. Mara ya mwisho mtu kwenye kazi yenu aliposema "hapa tusimame, pana hatari", alitendewa nini? Sitaki kujua sera inasemaje. Nataka kujua alitendewa nini yeye, siku ile na siku iliyofuata.

Karibuni.

Mpauaji

Mkuu, hesabu ya mkanda umeisema vizuri, na mimi niongeze jambo la pale pa kufungia. Sisi tunaambiwa tujifunge, hatuambiwi tujifunge wapi. Kenchi ambazo bado hazijafungwa mbao za kuzishikamanisha hazina nguvu. Mtu akidondoka akiwa amejifunga kwenye kenchi ya namna hiyo anaivuta pamoja na jirani zake, na zikianza kulala zinalala zote. Nimeona safu nzima ikilala, kwa bahati hakukuwa na mtu juu.

Kwenye swali lako: mara ya mwisho aliyesema tusimame alikuwa kijana mgeni. Hakufukuzwa. Lakini sisi wenyewe mafundi tulimwita mwoga mchana kutwa, na siku iliyofuata hakuulizwa tena jambo lolote. Kwa hiyo tusiwatupie mabosi kila kitu. Kwenye kupaua kuna sifa ya kutoogopa juu, na sifa hiyo inawaua vijana wetu.

Mkandarasi Mdogo

Nasoma hapa nikiwa upande unaolaumiwa, naomba nisikilizwe.

Nachukua kazi za nyumba. Mwenye nyumba anakusanya bei kutoka kwa watu kadhaa, anachagua ya chini. Nikiweka jukwaa kamili kwenye bei, mwenzangu ataweka mirunda miwili na ubao, atapata kazi yeye. Mafundi wangu watakaa nyumbani. Je, huo ndio usalama wao?

Pili, vifaa nanunua. Kofia zinabebwa zinapotea, miwani inakwaruzika, glavu zinatumiwa kwenye shughuli nyingine. Nikikagua nakuta grenda, ile mashine ya diski ya kukatia, haina kinga. Nani kaitoa? Fundi. Mimi sikumtuma.

Tatu, nikiwauliza kama kuna tatizo, wote wananyamaza. Nitajuaje?

Mwanzisha uzi

Mkuu, asante kwa kusema wazi. Nijibu moja moja, si kwa kukupinga tu.

La bei ni la kweli na silipuuzi. Hata sheria za nchi kubwa zimewahi kulegea mbele yake. Marekani kanuni inataka kinga dhidi ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani mita 1.8, kwenye ujenzi wa nyumba za kuishi. Lakini kuanzia 1995 wajenzi wa nyumba waliwekewa mwongozo wa muda ulioruhusu njia mbadala nyepesi zaidi. Muda huo ukadumu hadi Desemba 2010 mwongozo ulipofutwa, na utekelezaji ukaanza Juni 2011. Miaka 15, kwa hoja hiyohiyo kwamba nyumba ni kazi ndogo na gharama haibebeki. Uingereza nako kanuni zao za usimamizi wa ujenzi zilimwingiza mwenye nyumba binafsi moja kwa moja mwaka 2015, na kwa kawaida majukumu yake yanabebwa na mkandarasi. Kanuni inapombana kila mtu sawasawa, mwenye mirunda miwili hapati nafasi ya kukushinda kwa kupunguza usalama. Ninachokuomba ufanye hata sasa ni kuandika jukwaa kama mstari wake kwenye makadirio. Likijificha ndani ya "kupaua", mwenye nyumba anaona tu kwamba wewe ni ghali. Likisimama peke yake, anaulizwa kama anataka watu wafanye kazi bila hilo kwenye kiwanja chake, na wengi hawathubutu kusema ndiyo.

La grenda. Hukumtuma aitoe kinga, naamini. Lakini muulize kwa nini aliitoa. Mara nyingi ni kwa sababu grenda iliyopo ni ndogo, ya diski ya milimita 115, na kazi inataka diski kubwa ya 230. Kinga inazuia diski kubwa isiingie, basi inatolewa. Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya 230 imetengenezwa kwa takriban 6,600. Ikizungushwa kwa kasi ya mashine ndogo inaweza kupasuka vipande, na aliyeishika hana cha kumkinga. Kilichoanza ni kifaa kisichotosha kazi. Ukinunua grenda kubwa, kinga itabaki mahali pake.

La kunyamaza nitalirudia, maana nadhani ndilo kubwa kuliko yote.

Saidia Fundi

Mimi ni kibarua, sina ufundi. Nataka kusema kwa nini tunanyamaza.

Sisi hatuna mkataba. Jioni tunaambiwa "kesho njoo" au hatuambiwi. Hilo tu. Mtu akiuliza sana haambiwi "umefukuzwa", ila jioni jina lake halitajwi. Bosi atakwambia hajawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya usalama na ni kweli.

Mwenye kuchimba ni sisi. Tulichimba shimo la choo, likafika juu ya kichwa changu, udongo umerundikwa pembeni mwa shimo kabisa. Nikaona ufa. Nikamwambia aliye juu, akasema chimba upesi utoke. Nikachimba upesi. Hakukutokea kitu siku ile, na bosi alipokuja aliona shimo zuri limekwisha.

Mwanzisha uzi

Kaka, ulichoandika kinapaswa kusomwa na kila anayesimamia nyumba.

Kwa wasiojua: mita moja ya ujazo ya udongo inaweza kufikia tani moja na nusu au zaidi. Mtu akifukiwa hadi kifuani anaweza kufa kichwa kikiwa nje, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kutanuka. Kanuni ya Marekani inataka kuta za mtaro zizuiwe au zilazwe kwa mteremko kuanzia kina cha mita 1.5, isipokuwa kama ni mwamba imara, na udongo uliotolewa ukae walau sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwenye mashimo ya nyumba, udongo unarundikwa ukingoni kwa sababu ndipo koleo linapofika bila kuchosha mkono. Mtu mmoja wa kuusogeza angetosha.

Na ona hiyo sentensi ya mwisho, "bosi aliona shimo zuri limekwisha". Kwenye kumbukumbu za msimamizi ile ni kazi salama. Kwenye kumbukumbu za kaka huyu ni siku aliyonusurika. Saiti inaweza kukaa muda mrefu bila ajali huku kila wiki kuna mtu amenusurika, na msimamizi akaamini kwa moyo mweupe kwamba utaratibu wake unafanya kazi.

Haki ya kujiondoa ipo, wakuu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari ya karibu na kubwa kwa maisha yake. Mkataba namba 167 wa 1988, ambao ni wa ujenzi hasa, unaongeza kwamba hatari ikiwa ya papo hapo mwajiri ndiye anayepaswa kusimamisha kazi na kuwaondoa watu inapobidi. Juni 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa kwenye haki za msingi za kazi za shirika hilo. Lakini kaka hapa ametuonyesha mlango ambao haki hiyo inatorokea. Mtu asiyefukuzwa, ambaye jina lake halitajwi tu jioni, atashtaki nini?

Mhandisi wa Saiti

Naona mjadala unaegemea upande mmoja. Takwimu inayojulikana ni kwamba asilimia 88 ya ajali zinasababishwa na vitendo vya hatari vya wafanyakazi wenyewe. Tulifundishwa hivyo. Msimamizi anaweza kuweka kila kitu na mtu bado akapita chini ya mzigo unaonyanyuliwa. Elimu na nidhamu ndiyo dawa.

Mwanzisha uzi

Mhandisi, namba hiyo naifahamu, na nashukuru umeileta kwa sababu imejenga mtazamo wa wasimamizi wengi bila wao kujua ilikotoka. Ni ya H. W. Heinrich, aliyekuwa mtu wa kampuni ya bima Marekani, kwenye kazi yake ya 1931. Alipitia maelfu ya kumbukumbu za madai ya bima na za wenye viwanda. Sasa jiulize nani alikuwa anaandika kumbukumbu hizo. Aghalabu ni wasimamizi. Msimamizi alipoulizwa ajali ilitokana na nini, aliandika alichokiona mwisho: mkono wa mfanyakazi. Bei ya kipande, jukwaa lisilokuwepo na haraka ya jana havikuwa na sehemu kwenye fomu. Watu wa fani wameikosoa namba hiyo kwa muda mrefu kwa sababu hiyo.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alilieleza vizuri zaidi: kosa la mtu wa mwisho hupita kwenye matundu yaliyotobolewa mapema na waliopanga, walionunua na waliosimamia. Nidhamu naikubali. Anayepita chini ya mzigo ana kosa. Lakini nataka nijue pia kwa nini njia pekee ya kufika kwenye tofali inapita chini ya mzigo.

Fundi Rangi (dada)

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, napaka rangi na kusugua kuta. Hakuna aliyetaja vumbi.

Ajali ya kuanguka inaonekana. Vumbi halionekani, na ndiyo maana kwenye vikao vya asubuhi halitajwi. Wanaokata vigae na zege bila maji, sisi tunaosugua, tunaondoka weupe kama unga. Barakoa tunayopewa ni ile nyepesi ya kitambaa, na hata ikiwa nzuri haikai usoni mwangu, ni kubwa, inaacha nafasi pembeni. Mkanda nao ni wa mwanamume mnene. Nikisema, naambiwa "vifaa vimeshanunuliwa". Kwa hiyo kwenye orodha ya bosi mimi nimekingwa.

Mwanzisha uzi

Dada, asante sana. Vumbi la zege, mawe na vigae lina silika. Chembe ndogo kabisa zinaingia ndani ya mapafu, zinaacha makovu, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa. Marekani walishusha kiwango kinachoruhusiwa hewani hadi maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, kanuni ya 2016 iliyoanza kusimamiwa kwenye ujenzi Septemba 2017. Njia rahisi zaidi kwenye nyumba ni maji: kumwagilia diski wakati wa kukata, kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo ili umeme usilete balaa jingine. Barakoa inayovuja pembeni haikingi ipasavyo, hewa yenye vumbi inapita pale penye nafasi. Kifaa kisichomfaa mvaaji kihesabiwe hakijanunuliwa.

Mnyapara

Wakuu, mimi niko katikati. Napokea amri kutoka juu na manung'uniko kutoka chini, na nataka niseme kinachotokea hapa katikati kwa sababu ndipo habari zinapopotea.

Bosi akija ananiambia mambo mawili kwa pumzi moja: "usalama kwanza" na "Ijumaa nataka bati zimekaa". La kwanza halina tarehe. La pili lina tarehe. Jioni akinipigia simu anauliza la pili. Hajawahi kunipigia kuuliza kama jukwaa limefungwa. Mimi nina watoto, naelewa ninapimwa kwa lipi. Basi nikifika kwa vijana nawaambia tukimbize. Nikirudi kwa bosi namwambia kila kitu kiko sawa, maana nikimwambia vijana wanaogopa ataniuliza kama nimeshindwa kuwasimamia.

Hivyo bosi anadhani saiti ni salama kwa sababu mimi nimemwambia. Na vijana wanadhani bosi hajali kwa sababu mimi ndiye mdomo wake. Sijui kama yeye hajali. Labda anajali.

Mwanzisha uzi

Mnyapara, umelifikisha mahali ambapo nilikuwa sijalifikisha. Nilitaja macho mawili, kumbe kuna na la tatu katikati linalobeba habari zote mbili na haliwezi kuzibeba bila kujiumiza.

Mkandarasi Mdogo, hapa ndipo jibu la swali lako la "nitajuaje" lilipo. Simu ya jioni ibadilishwe. Uliza kwanza: leo nini kilikaribia kutuumiza? Akijibu "hakuna" kila siku, ujue anakuogopa. Siku atakayokuambia "kijana aliteleza kwenye ubao wenye umande", usimuulize nani kampandisha. Muulize anahitaji nini kesho asubuhi, umpe. Ukifanya hivyo mara chache tu utaanza kusikia mambo ambayo yamekuwepo siku zote.

Wanaotaka kupima kwa utaratibu, kuna dodoso la watafiti wa nchi za Nordiki liitwalo NOSACQ-50, lilitoka 2011 na limetafsiriwa kwa lugha nyingi. Lina kauli 50 katika sehemu 7. Sehemu tatu zinauliza kuhusu uongozi, nne kuhusu wafanyakazi wenyewe, pamoja na hilo la Mpauaji la kikundi kuzoea hatari na kuiona ya kawaida. Jazeni pande zote mbili, bila majina, kisha muweke majibu ya wasimamizi na ya mafundi meza moja. Msikimbilie wastani wa pamoja. Tazameni kauli ambayo wakubwa wameipa alama za juu na mafundi za chini, mwanze na hiyo. Kwa kikundi cha watu wanne au watano majina yatajulikana tu, kwa hiyo hapo afadhali mtu wa nje akae nao wakati wa kupumzika, bosi asiwepo, azungumze nao kwa mdomo.

Mpauaji

Nakazia la mtu wa nje. Na asije na kalamu mkononi siku ya kwanza.

Mkandarasi Mdogo

Nimesoma yote. La simu ya jioni limenigusa, ndivyo ninavyofanya, nauliza bati tu.

Nina nyumba inaingia kupauliwa wiki ijayo. Nimeamua siku ya kufunga jukwaa niilipe peke yake, kama siku ya kazi kamili, nje ya bei ya kupaua. Kenchi zitaunganishwa chini. Mpauaji, kwa ukuta wa mita 3 ungetaka jukwaa la namna gani?

Mpauaji

Mkuu, weka sakafu ya jukwaa chini kidogo ya usawa wa ukuta, izunguke pande zote tutakazofanyia kazi, na mbao zijae bila nafasi ya mguu kuingia. Kizuizi cha juu kifike karibu mita 1 kutoka sakafuni, kingine katikati, na ubao wa chini wa kuzuia nyundo na misumari isiwaangukie walio chini. Miguu ya jukwaa ikae juu ya vipande vya ubao mpana, kama udongo wenu ni laini itazama. Ngazi ya kupandia isimame kwa kipimo cha moja kwa nne: kila mita 4 za juu, mguu utoke mita 1. Ipite sakafu ya jukwaa kwa mita 1 ili tupate pa kushika, na ifungwe juu.

Halafu kabla hatujapanda, njoo wewe mwenyewe upande kwanza na mnyapara wako. Tembeeni hadi kona ya mwisho mkitikisa vizuizi. Vijana wakiwaona mnashuka na kurekebisha penye kulegea, siku nyingine watawaita wenyewe.

Mkandarasi Mdogo

Nitapanda. Saidia Fundi, na wewe niandikie pembeni, kuna shimo la choo kwenye kiwanja hichohicho na nataka mtu wa kusogeza udongo tu, alipwe sawa na anayechimba.